Sindano ya 7 kati ya 18

Dawa imetoka kwenye friji muda si mrefu na ubaridi wake bado unasikika kiganjani. Kichupa chenyewe ni kidogo: mililita 5, miligramu 600 za Herceptin, dawa ya saratani ya titi, ya kuchoma chini ya ngozi. Muuguzi anaivuta kwenye bomba, anabadilisha sindano anaweka nyembamba, kisha anauliza.

"Mara ya mwisho tulichoma paja gani, mama?"

"La kulia, sista."

Basi leo ni zamu ya kushoto. Anasukuma polepole, dakika 3 au 4, maana mililita 5 zikiingia kwa pupa paja huvimba na kuuma. Dawa inapoingia, mama anaitazama kadi yake ya kliniki. Visanduku 18. Vyenye tarehe ni 6, cha leo ni cha 7.

"Zimebaki kumi na moja," anasema, kama anayejisemea. Halafu: "Na nikiishia hapa?"

"Usiishie hapa. Maliza dozi, mama."

Jibu hilo ni sahihi, na muuguzi mwenye wagonjwa 30 kwenye benchi hana nafasi ya kutoa jibu refu zaidi. Ila swali lenyewe limenikaa kichwani wiki kadhaa, kwa sababu chini yake kuna swali la pili ambalo hata madaktari hawaliulizi mara nyingi.

Nani alisema 18?

## Namba ilikotoka

Ukilitazama kihesabu, jambo ni dogo. Mwaka una wiki 52, dawa hutolewa kila baada ya wiki 3, ukianza siku ya kwanza unafika 18. Kwa hiyo swali halisi ni kwa nini mwaka.

Trastuzumabu, ambayo wengi wetu tunaiita Herceptin hata inapokuwa ya kampuni nyingine, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa saratani ya titi iliyokwisha kusambaa yenye HER2, protini inayozidi kwenye seli za saratani na kuzichochea zikue. Huko hakuna anayesumbuka na muda: unaendelea mpaka ugonjwa uishinde dawa au moyo ukatae. Tatizo lilianza ilipotaka kuletwa kwa wanawake ambao uvimbe wao umeshakatwa. Hakuna kitu cha kupima kinachopungua. Hakuna picha itakayokuambia sasa yatosha.

Waliopanga majaribio wakalazimika kuchagua. HERA, jaribio kubwa la kimataifa lenye wanawake 5,102, lilichagua mwaka 1 kwa kundi moja, miaka 2 kwa jingine, na kundi la tatu halikupewa. Wamarekani walichagua wiki 52. Heikki Joensuu na wenzake wa Finland walichagua wiki 9, katika jaribio ambalo wenye HER2 walikuwa 232 tu. Hakuna utafiti wa maabara uliokuwa umesema mwaka ndio muda unaohitajika. Ulikuwa uamuzi wenye busara, lakini ulikuwa uamuzi.

Mei 2005, kwenye mkutano wa Orlando, matokeo ya kwanza ya HERA na ya Wamarekani yalisomwa: katika miaka ile ya mwanzo, kurudi kwa saratani kulikuwa kumepungua kwa karibu nusu. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kumwambia mwanamke mwenye HER2 kwamba atapangiwa kundi lisilopata dawa. Mwaka ukawa sheria kwa sababu ndio uliokuwa umepimwa kwanza.

## Mistari baada ya miaka 10

Punguzo la miaka 2 au 3 ya kwanza linaweza kudanganya. Huenda dawa inachelewesha tu, na mistari miwili ya grafu itakutana mbele ya safari. Ndiyo maana takwimu za miaka 10 zina uzito ambao zile za Orlando hazikuwa nao.

Mistari haikukutana.

Katika HERA, baada ya miaka 10, wanawake 69 kati ya 100 waliopata mwaka mmoja walikuwa hai bila tukio lolote la ugonjwa, dhidi ya 63 wa kundi ambalo halikupangiwa dawa. Pointi 6 zinaonekana chache. Lakini kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulikosa: matokeo yalipotoka mwaka 2005, wanawake wa kundi lisilo na dawa waliruhusiwa kuipata, na asilimia 52 yao waliichukua. Katika hesabu bado wanahesabiwa kama wasiopata, kwa sababu jaribio likipangwa hivyo ndivyo linavyosomwa mpaka mwisho. Zile 6, kwa hiyo, ni tofauti kati ya waliopata dawa mapema na kundi ambalo nusu yake waliipata kwa kuchelewa.

Majaribio mawili ya Marekani, yaliyounganishwa kuwa wanawake 4,046, yanaonyesha vizuri zaidi. Miaka 10 baadaye waliokuwa hai walikuwa asilimia 84 kwa waliopata trastuzumabu pamoja na tibakemikali (kemo), na 75.2 kwa waliopata tibakemikali peke yake. Karibu watu 9 katika kila 100. Wako nyumbani kwao, wanabishana na watoto wao kuhusu ada ya shule.

Mwaka 2021 majaribio 7 yenye wanawake 13,864 yalikusanywa pamoja. Kurudi kwa ugonjwa ndani ya miaka 10 kulipungua kwa pointi 9, vifo vya saratani ya titi kwa pointi 6.4. Faida kubwa zaidi ilikuwa miaka miwili ya kwanza, kisha ikapungua, lakini hata kati ya mwaka wa 5 na wa 10 ilikuwa bado ipo. Na hofu kwamba moyo ungekuja kudai deni lake baadaye, kwa vifo vya sababu nyingine, haikutimia.

Neno moja kuhusu zile asilimia 69, maana huwatisha watu. "Tukio" katika hesabu hizi si kurudi kwa saratani tu. Kuna saratani mpya ya titi la pili, saratani nyingine ya mwili, na kifo cha sababu yoyote. Pia wanawake wale waliingia jaribioni kati ya 2001 na 2005, wengi wakiwa na tezi za kwapani zilizoathirika. Katika jaribio la APHINITY, lililofanyika muongo mmoja baadaye, hata kundi lililopata trastuzumabu na tibakemikali bila dawa ya nyongeza, pertuzumabu, lilikuwa na asilimia 92 hai baada ya miaka 8.

Na kwa uvimbe mdogo hali ni nzuri zaidi. Jaribio la APT, lililoongozwa na Sara Tolaney wa Boston, liliwachukua wanawake 406 wenye uvimbe usiozidi sentimita 3 na tezi safi. Walipewa kemo ya paklitaxeli ya kila wiki kwa wiki 12, miligramu 80 kwa kila mita ya mraba ya mwili, pamoja na trastuzumabu mpaka mwaka utimie. Hakuna dawa nyekundu, yaani kemo ya doksorubisini au ndugu yake. Baada ya miaka 10, waliofariki kwa saratani ya titi walikuwa chini ya 2 katika 100. Halikuwa na kundi la kulinganisha, hilo ni kweli, lakini ukipata namba kama hiyo katika ugonjwa uliokuwa ukiogopwa hivi, ni vigumu kumshauri mtu mwenye uvimbe wa sentimita 1.5 abebe mzigo mkubwa zaidi.

## Miaka 2 haikuongeza kitu

Hapa ndipo imani ya "zaidi ni bora" ilipopasuka.

Mwaka 2012, Vienna, kundi la miaka 2 la HERA lilizungumza. Miaka 2 ya dawa ilikuwa sawa na mwaka mmoja. Hata baada ya miaka 10 zilikuwa 69 kwa 69. Kilichoongezeka ni matatizo ya moyo: asilimia 7.3 kwa waliopata miaka 2, 4.4 kwa mwaka mmoja, 0.9 kwa wasiopangiwa dawa.

Kama kutoka mwaka 1 kwenda 2 hakuna kilichoongezeka, basi faida ilikuwa imeshatimia mahali fulani kabla. Wapi? Mwezi wa 11? Wa 6? Wa 3?

## Nusu mwaka

Wafaransa walijaribu kwanza. PHARE iliwagawa wanawake 3,380 kati ya miezi 6 na 12. Waingereza wakafuata na PERSEPHONE, wanawake 4,088.

Majaribio haya hayaulizi kama kifupi ni bora. Yanauliza kama kifupi kinazidiwa kwa kiasi kisichovumilika, na kiasi hicho huandikwa kabla ya kuanza, asije mtu akasogeza goli baadaye. Wafaransa waliandika: hatari isizidi kwa zaidi ya asilimia 15. Makadirio yao ya mwisho, mwaka 2019, yaliangukia asilimia 8, lakini ukingo wa juu wa shaka ulifika 25. Wakalazimika kusema hawajathibitisha. Waingereza waliandika: tofauti isizidi pointi 3 baada ya miaka 4. Wakapata asilimia 89.4 kwa miezi 6 na 89.8 kwa miezi 12. Wakasema imethibitika.

Mwaka uleule, jarida lilelile la Lancet, maswali pacha, majibu mawili.

Mwanzoni niliona ni mkanganyiko. Ukizisoma polepole, namba zenyewe hazigombani sana. Zote zinasema miezi 12 ikiizidi miezi 6, inaizidi kidogo. Kinachogombana ni nani yuko tayari kuvumilia kidogo hicho, na anapata nini badala yake. Katika PERSEPHONE, walioachishwa dawa kwa sababu ya moyo walikuwa asilimia 8 kwa mwaka mzima na 3 kwa nusu mwaka.

Ila kuna mtego. Wengi wa wanawake wa PERSEPHONE walipata tibakemikali yenye dawa nyekundu. Wale wachache waliopata taxani (paklitaxeli na ndugu zake) peke yake hawakuonekana kufanya vizuri kwa miezi 6. Kwa hiyo huwezi kuchukua tibakemikali nyepesi ya APT kwa mkono mmoja na miezi 6 ya Waingereza kwa mkono mwingine ukaviunganisha, ukasema vyote vimethibitishwa. Kila kimoja kilithibitishwa kikiwa na mwenzake.

Mtego wa pili ni wa lugha. Watu husikia "tisa" wakadhani ni kitu kimoja. Wiki 9 za Finland ni dozi 9 za kila wiki, sawa na sindano 3 za wiki tatutatu. Sindano 9 za wiki tatutatu ni miezi 6. New Zealand iliwahi kulipia wiki 9 tu, kuanzia 2007, na jambo likawa la kisiasa mpaka serikali mpya ikaidhinisha mwaka mzima Desemba 2008. Majaribio makubwa ya baadaye ya wiki 9 hayakuweza kuonyesha kwamba zinatosha.

Sasa mrudie mama wa paja la kushoto. Sindano 7 ni wiki 21. Si wiki 9, si miezi 6, si mwaka. Iko katikati ya njia ambako hakuna jaribio lililosimama.

## Chupa ya formalini

Niache muda kidogo, kwa sababu kuna mahali ambapo miaka 10 yote huamuliwa kabla ya sindano ya kwanza, na hapo watu huzembea.

Maabara ikikosea HER2, mambo ni mawili: mwanamke anayehitaji dawa haipati, au asiyeihitaji anachomwa mara 18 bure. Na maabara hukosea mara nyingi kwa sababu ya kilichotokea chumba cha upasuaji.

Kinyama kikitoka mwilini saa inaanza kuhesabu. Kiingie kwenye formalini, maji ya kukihifadhi kisioze, ndani ya saa 1. Formalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, si ile iliyochanganywa kwa kukisia kutoka kwenye dumu. Ujazo wake uwe mara 10 ya kinyama. Kikae humo saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Kinyama kidogo cha sindano ya kuchukulia kipimo hakina shida. Shida ni titi zima, lililotumbukizwa kwenye ndoo ya plastiki lisilokatwa, Ijumaa jioni. Formalini huingia taratibu mno, takriban milimita 1 kwa saa, kwa hiyo nje linaiva na katikati linaoza. Jumatatu mwanapatholojia anapokea nyama ambayo protini zake zimekufa, anapaka rangi, haoni kitu, anaandika hasi.

Dawa ya hilo haina gharama: titi likatwe vipande vya unene wa milimita 5 hadi 10 kabla ya kutumbukizwa, na kwenye fomu ziandikwe saa mbili, ya kutoka mwilini na ya kuingia formalini. Fomu isiyo na saa hizo, ripoti yake isomwe kwa tahadhari.

Kwenye darubini, 3+ haina ubishi: zaidi ya asilimia 10 ya seli zina mzingo mzito wa kahawia pande zote, ukitazama kwa mbali unaona kama waya wa banda la kuku. 0 na 1+ huhesabiwa hasi. Kizungumkuti ni 2+. Hiyo si chanya wala hasi; ni ombi la kipimo cha pili, cha kuhesabu jeni yenyewe, kiitwacho FISH. Nimeona hoja kwamba FISH ni ghali, sampuli lazima isafirishwe, basi tuanze dawa tu. FISH moja ni bei ndogo sana ukiilinganisha na hata sindano mbili.

## Moyo, na kwa nini eko isomwe na mtu mmoja

Trastuzumabu na dawa nyekundu zote hugusa moyo, lakini si kwa namna moja. Doksorubisini huua seli za moyo, na zilizokufa hazirudi. Trastuzumabu huzilegeza, ukiiacha, mara nyingi hurudi kazini. Ndiyo sababu hazitolewi pamoja siku moja katika hatua hii, na ndiyo sababu eko ya moyo (kipimo cha mawimbi ya sauti) hufanywa kabla ya kuanza kisha kila baada ya miezi 3.

Sheria inayofuatwa na wengi: nguvu ya kusukuma damu ikishuka kwa pointi 10 au zaidi na ikawa chini ya asilimia 50, dawa isimame, eko irudiwe baada ya wiki 3 hivi. Hapo ndipo fujo inapoingia. Mgonjwa anapimwa Machi hospitali moja, 64. Juni kituo kingine, mashine nyingine, 53. Pointi 11! Daktari anashtuka, dawa inasimama. Kumbe wasomaji wawili wa eko wanaweza kutofautiana pointi kadhaa kwa moyo uleule, siku ileile. (Na 53 yenyewe haijafika chini ya 50.) Ukiweza, mashine ileile na msomaji yuleyule. Ukishindwa, angalau picha za kwanza ziwekwe kwenye diski mgonjwa atembee nazo.

Kwa mwenye presha isiyotulia, au aliyewahi kupata shida ya moyo, kuna njia isiyopitia dawa nyekundu kabisa: dositaxeli, kaboplatini na trastuzumabu. Katika jaribio la BCIRG 006, lenye wanawake 3,222, moyo kushindwa kazi kulitokea kwa 4 tu wa njia hiyo, dhidi ya 21 wa njia yenye dawa nyekundu ikifuatwa na trastuzumabu. Baada ya miaka 10 waliokuwa hai walikuwa asilimia 83.3 kwa 85.9.

## Kuchelewa

Nauli imekosekana, mtoto ameugua, dawa imeisha stoo. Sindano imechelewa. Tunafanyaje?

Kwa dripu, iliyochelewa wiki 1 au pungufu hutolewa mara moja kwa dozi ya kawaida, miligramu 6 kwa kila kilo. Ikizidi wiki 1, unaanza tena na dozi ya kupakia, ile kubwa ya kuanzia, miligramu 8 kwa kilo, kisha unaendelea na 6. Sindano ya paja haina dozi ya kupakia. Unatoa zile 600 mapema iwezekanavyo, na inayofuata isije kabla ya wiki 3.

Kila kuchelewa kwa dripu kunakula dawa ya ziada, na hesabu yake ni rahisi. Mwanamke wa kilo 70: ya kwanza miligramu 560, zilizobaki 17 ni 420 kila moja. Jumla 7,700, yaani vichupa 17 na nusu vya miligramu 440. Kwa miezi 6 ni 3,920, chini kidogo ya vichupa 9. Akichelewa mara 3 kwa zaidi ya wiki, ameongeza miligramu 420, karibu kichupa kizima, bila kuongeza hata siku moja ya tiba.

Kichupa cha 440 huchanganywa na maji yake maalumu yenye kihifadhi na hukaa siku 28 kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Cha 150 hakina kihifadhi. Vyote havitikiswi, vinazungushwa taratibu mkononi, povu likitokea unasubiri. Kisha dawa huwekwa kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 250. Kamwe si dextrose, kwa sababu protini hugandana humo. Dripu ya kwanza dakika 90, zinazofuata 30 kama ya kwanza ilikwenda salama. Homa na kutetemeka kwenye ile ya kwanza ni kawaida: dripu hupunguzwa kasi au kusimamishwa kidogo, mgonjwa hupewa parasetamoli, na huangaliwa saa 6 tangu ilipoanza.

Kosa moja linaua, na linatokana na majina. Trastuzumabu emtansini, au T-DM1, si trastuzumabu. Imebeba sumu ya kemo mgongoni na dozi yake ni miligramu 3.6 kwa kilo. Mtu akisoma nusu ya jina akatoa 6, amezidisha sumu. Vichupa hivyo visikae rafu moja.

Hiyo T-DM1 ina mahali pake. Mwanamke akianza na dawa kabla ya upasuaji, na titi likikatwa likakutwa bado na saratani hai, jaribio la KATHERINE linasema asirudi kwenye trastuzumabu ya kawaida. Baada ya miaka 7, waliokuwa hai bila saratani vamizi kurudi wala kuzuka mpya walikuwa asilimia 80.8 kwa T-DM1 na 67.1 kwa trastuzumabu. Ni tofauti kubwa kuliko ile ya pertuzumabu katika APHINITY, ambako faida imejikusanya kwa wenye tezi zilizoathirika. Tezi zikiwa safi, fedha ya pertuzumabu ningeipeleka kwingine.

## Bei ya visanduku

Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumabu kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na Desemba 2019 likaidhinisha ya kwanza ya dawa mfanano, zile za kampuni nyingine zinazofanana nayo. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilitangaza makubaliano na Roche: kikao kimoja kishuke kutoka takriban shilingi 120,000 hadi 40,000, na SHA, bima ya afya ya serikali, ilipe. Zidisha kwa 18: kutoka milioni 2.16 hadi 720,000, na si za mfukoni.

Hilo limebadilisha swali la mama. Miaka ya nyuma "nikiishia hapa" lilikuwa swali la shamba: liuzwe au lisiuzwe. Sasa, kwa aliyesajiliwa na michango yake ikiwa haijakatika, limebaki swali la nauli, siku za kazi zinazopotea, na uchovu wa kuwa mgonjwa mwaka mzima. Si mambo madogo. Mtu wa Lodwar anayesafiri hadi Eldoret au Nairobi kila wiki 3 hatanishukuru nikimwambia dawa ni bure.

Kama mwaka hauwezekani kabisa, maoni yangu ni haya: ipangwe miezi 6 tangu mwanzo, sindano 9 kwa tarehe zake, kuliko 18 za kubahatisha zinazokatika ovyo. Majaribio yalilinganisha mipango miwili iliyofuatwa. Hakuna lililopima kukatakata.

## Kinachosahaulika kisanduku cha 18 kikijaa

Saratani yenye HER2 isiyo na vipokezi vya homoni ikirudi, mara nyingi hurudi mapema, ndani ya miaka 5. Yenye vipokezi haina haraka. Inaweza kurudi mwaka wa 8, wa 9. Kwa huyo, Herceptin ni nusu ya tiba. Nusu nyingine ni kidonge cha bei nafuu, tamoxifeni au mwenzake, miaka 5 hadi 10. Na hicho ndicho kinachoachwa. Sindano ilikuwa na muuguzi, kadi na tarehe. Kidonge hakina mtu wa kukusubiri.

Kuna ubongo pia. Trastuzumabu ni molekuli kubwa, haivuki kirahisi kuingia huko, na hata T-DM1 haikupunguza saratani kujitokeza kwenye ubongo. Kichwa kinachouma asubuhi kwa wiki mbili pamoja na kutapika, kwa mwanamke aliyemaliza mwaka wake vizuri, kisitibiwe kama malaria mara tatu mfululizo.

Na kwa wadogo wa umri: dawa hubaki mwilini muda mrefu. Uzazi wa mpango uendelee miezi 7 baada ya sindano ya mwisho, kwa sababu dawa hiyo hupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni.

## Faili

Jibu la mama halimo kwenye kadi. Limo kwenye faili, na linahitaji dakika 2: tezi ngapi, vipokezi vya homoni, tibakemikali gani, eko ya mwisho.

Kwake: tezi 4 kati ya 14 zilizotolewa zina saratani. Vipokezi vya homoni hasi. HER2 3+. Dawa nyekundu mara 4, kisha paklitaxeli. Eko 63 kabla ya kuanza, 60 mwezi wa tatu.

Tezi 4 na kuendelea ndilo kundi lililofaidika zaidi katika ule mkusanyo wa majaribio 7: kurudi kwa ugonjwa ndani ya miaka 5 kulipungua kwa pointi 10.7, dhidi ya 5.7 kwa wenye tezi safi. Hana kidonge cha homoni cha kumshika mkono baadaye. Moyo wake haujalalamika. Nusu mwaka, hata pale inapokubalika, hutengwa kwa wenye hatari ndogo, naye si mmoja wao.

Muuguzi amechomoa sindano na kubonyeza pamba. Anahesabu wiki 3 kwenye kalenda ya ukutani, inaangukia sikukuu, anasogeza mbele siku 2. Anaandika tarehe kwenye kisanduku cha 8, na pembeni, kwa herufi ndogo: paja la kulia, eko kabla ya ya 9.